Mkorosho Mchanga: Upandaji na Ulinzi Wake Katika Miaka Mitatu ya Mwanzo

Utangulizi

Mkorosho ni miongoni mwa miti michache ambayo humlisha aliyeipanda, kisha mwanawe, kisha mjukuu wake. Mti uliotunzwa vizuri huanza kuzaa ukiwa na umri wa miaka mitatu hivi, nao waweza kuendelea kuzaa kwa miaka 30 au 40 na zaidi. Lakini mti huo huo, ambao ukishakomaa hustahimili kiangazi cha miezi sita bila ya kumwagiliwa tone la maji, huwa dhaifu mno katika miezi yake ya mwanzo. Mbuzi mmoja, moto wa nyasi wa robo saa, au magugu ya msimu mmoja yatosha kuuangamiza.

Katika vijiji vingi vya Kusini mwa Tanzania husikika maelezo kwamba miche ilipandwa lakini "haikupata bahati". Sayansi ya kilimo haiwezi kuridhika na jibu hilo. Miche hufa kwa sababu zinazoweza kutajwa moja moja, na nyingi kati ya hizo zaweza kuzuiwa kwa jembe, panga na uangalifu. Makala haya yanaeleza sababu hizo, na hatua ambazo mkulima hana budi kuzichukua tangu kuchagua mbegu mpaka mti unapoanza kuzaa.

Asili ya mti na somo la historia yake

Mkorosho, ambao wataalamu huuita Anacardium occidentale, asili yake ni kaskazini-mashariki ya Brazil. Wareno waliuleta katika pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 16. Jina lake la "mkanju", linalotumika hasa katika pwani ya Kenya, lina kumbukumbu ya safari hiyo: Wareno huuita caju, nao walilipata neno hilo kutoka kwa Watupi, wenyeji wa Brazil. Mti huo uliizoea ardhi ya mchanga ya pwani hata ukawa kama mwenyeji, na katika karne ya 20 ukawa zao kuu la biashara la Mtwara na Lindi.

Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Katika msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka hata kuwa chini ya tani 20,000. Sababu za anguko hilo zilikuwa kadhaa, nazo zilisaidiana. Bei aliyolipwa mkulima ilikuwa ndogo. Watu walihamishiwa katika vijiji vipya katika miaka ya 1970, na mikorosho mingi ikabaki mbali na wenyewe, ikamezwa na vichaka na kuunguzwa na moto. Mwishoni mwa miaka hiyo ukaingia ugonjwa wa ubwiriunga, ambao uliikuta miti iliyosongamana na isiyohudumiwa. Baadaye zao hilo lilifufuka, na katika msimu wa 2017/18 mavuno yalizidi tani 300,000.

Historia hiyo ina somo kwa anayepanda leo. Mkorosho hauhitaji kazi nyingi, lakini hausamehi kuachwa peke yake. Tena, makosa yanayofanywa siku ya kupanda, hasa ya kubananisha miti, huonekana baada ya miaka 15, wakati ambapo kuyasahihisha ni kazi ya shoka.

Kuchagua mahali

Mkorosho hupenda joto na ardhi yenye kina kirefu. Hustawi zaidi katika maeneo ya chini, kutoka usawa wa bahari hadi mita 600 hivi, ingawa huweza kuota juu zaidi ya hapo. Udongo wa kichanga au wa tifutifu unaopitisha maji ndio unaoufaa. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta unyevu, na hiyo ndiyo siri ya ustahimilivu wake wakati wa kiangazi. Kwa hiyo mahali penye mwamba au tabaka gumu karibu na uso wa ardhi hapafai, hata kama pana rutuba. Vile vile hapafai mahali panapotuama maji, kwani mizizi isiyopata hewa huoza.

Njia rahisi ya kupima ni kuchimba shimo la majaribio lenye kina cha mita moja na nusu. Jembe likigonga mwamba, au maji yakikaa ndani ya shimo kwa siku kadhaa baada ya mvua, yafaa mahali hapo patumiwe kwa zao lingine.

Mbegu au mche wa kubebeshwa

Zipo njia mbili za kuanzisha shamba. Ya kwanza ni kupanda mbegu moja kwa moja shambani. Ya pili ni kupanda miche iliyobebeshwa, yaani mche uliooteshwa kwa mbegu kisha ukaunganishwa na kikonyo kutoka mti bora.

Tofauti ya njia hizi yatokana na tabia ya uzazi wa mkorosho. Maua yake huchavushwa na wadudu, na chavua yaweza kutoka mti wowote wa jirani. Kwa hiyo mbegu ya mti unaozaa sana si lazima itoe mti unaozaa sana, sawa na mtoto asivyolazimika kumfanana mzazi mmoja kwa kila kitu. Kikonyo kwa upande wake ni sehemu ya mwili wa mti mama wenyewe, na tawi litakalotoka humo litakuwa na sifa zote za mti huo. Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, mkoani Mtwara, kimefanya kazi ya miaka mingi ya kuchagua na kuzalisha mikorosho bora, na vikonyo vya aina hizo ndivyo vinavyopendekezwa.

Hata hivyo, si busara kujaza shamba zima kwa aina moja tu. Miti yenye mwili mmoja ina udhaifu mmoja. Ugonjwa ukiuweza mti mmoja, utaiweza yote. Yafaa mkulima achanganye aina kadhaa zilizopendekezwa kwa eneo lake.

Iwe mbegu zitapandwa shambani au kitaluni, uchaguzi wake ni ule ule. Huchukuliwa korosho zilizokomaa, nzito, zisizotobolewa na wadudu, kutoka mavuno ya karibuni, zikiwa zimekaushwa vema juani. Kisha hutiwa ndani ya chombo chenye maji. Zinazoelea hutupwa, kwa kuwa kiini chake ni kidogo au kimeharibika. Zinazozama ndizo za kupandwa. Mbegu hufukiwa kwa kina cha sentimita 5 hivi, lile kovu lilipoungana na bibo likiwa upande wa juu. Zikipandwa shambani, huwekwa mbegu mbili au tatu katika kila shimo, zikiachana kidogo, na baadaye huachwa mche mmoja ulio na nguvu kuliko mingine. Inayozidi hukatwa kwa kisu. Haing'olewi, ili mizizi ya ule unaobaki isitikiswe.

Kwa miche ya kubebeshwa, mbegu huoteshwa katika viriba virefu vya sentimita 25 hadi 30. Urefu huo una sababu. Mzizi mkuu wa mkorosho hukua upesi, na ukikuta kiriba kifupi hujikunja. Mche wenye mzizi uliokunjamana huendelea kuwa dhaifu hata ukiwa shambani. Kwa sababu hiyo hiyo miche haiachwi kitaluni kupita wakati wake. Mche ukipata umri wa wiki 6 hadi 8, shina lake hukatwa na kupasuliwa katikati. Kikonyo chenye unene sawa na wa shina hilo huchongwa mfano wa kabari, huchomekwa katika ufa, na kufungwa kwa utepe wa plastiki ili hewa na maji yasipite. Vikiungana, utepe hufunguliwa. Utepe uliosahaulika huukaba mti kadiri shina linavyonenepa.

Nafasi na mashimo

Nafasi inayopendekezwa ni mita 12 kwa mita 12, ambayo hutoa miti 28 hivi kwa ekari, au 69 kwa hekta. Mkulima anayeiangalia miche yenye urefu wa goti ikiwa imeachana hivyo huona kama ardhi inapotea bure. Lakini mkorosho huzaa kwenye ncha za matawi yanayopigwa na jua, pembezoni mwa kichwa chake. Matawi ya miti jirani yakiingiliana, sehemu za ubavuni hukosa jua na huacha kuzaa. Zaidi ya hayo, ndani ya msongamano huo hewa hutulia na unyevu hudumu, nao ni mazingira yanayopendwa na vimelea vya ubwiriunga.

Mashimo huchimbwa mwezi mmoja au miwili kabla ya mvua, yakiwa na upana, urefu na kina cha sentimita 60. Udongo wa juu, ulio mweusi na wenye rutuba, huwekwa upande mmoja, na ule wa chini upande mwingine. Wakati wa kufukia, udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza vema ndio unaotangulia kuingia. Samadi mbichi isitumiwe, kwa kuwa hutoa joto linapooza na huwavuta mchwa.

Siku ya kupanda

Katika mikoa ya Kusini mvua huanza mwezi Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Msimu ni mmoja tu kwa mwaka, kwa hiyo kila wiki inayopotea baada ya mvua kushika ni wiki ambayo mzizi ungeitumia kushuka chini. Mche uliopandwa mwishoni mwa Desemba una zaidi ya miezi mitatu ya kujitayarishia kiangazi; uliopandwa Machi una wiki chache tu. Mkulima asubiri udongo ulowe barabara, kisha asikawie.

Mche hupandwa asubuhi au jioni, au siku ya mawingu. Kitako cha kiriba hukatwa, kiriba huchanwa ubavuni na kuondolewa bila kuuvunja udongo ulioshika mizizi. Mahali palipounganishwa kikonyo pabaki juu ya ardhi. Pakifukiwa, kikonyo chaweza kuoza. Udongo hushindiliwa kwa mkono ili pasibaki mifuko ya hewa, na mche hufungwa kwa ulegevu kwenye mti mdogo wa kuuegemeza usiyumbishwe na upepo.

Baada ya hapo, machipukizi yote yanayotokea chini ya kiungo hayana budi kuondolewa kila yanapoonekana. Hayo ni matawi ya mche wa mbegu, si ya kikonyo. Yakiachwa, huchukua chakula chote, kikonyo hufa, na mkulima hubaki akitunza mti wa kawaida huku akiamini kuwa ni wa kubebeshwa.

Maadui wanne wa mwaka wa kwanza

Adui wa kwanza ni magugu. Mizizi ya nyasi huenea katika tabaka lile lile la juu ambamo mizizi ya mche bado imo, na hunyonya maji kwa kasi kubwa zaidi. Duara lenye nusu-kipenyo cha mita moja kuuzunguka mche lapasa kuwa safi wakati wote. Palizi ifanywe kwa uangalifu, jembe lisikate mizizi wala kuchubua ganda.

Adui wa pili ni kiangazi. Mvua zinapokaribia kwisha, duara lililopaliliwa hufunikwa kwa matandazo ya nyasi kavu au majani ili kupunguza jua linalokausha udongo. Matandazo yasiguse shina, kwa sababu mchwa hupanda kupitia humo. Ikiwezekana kumwagilia, ni afadhali kutia maji mengi mara moja kwa wiki kuliko kunyunyiza kidogo kila siku. Maji mengi huzama, na mzizi huyafuata chini. Maji ya juu juu huifunza mizizi kubaki juu.

Adui wa tatu ni moto. Katika miezi ya Julai hadi Oktoba mashamba mapya husafishwa kwa moto, wawindaji huchoma pori, na nyasi kavu husambaza miale kutoka shamba hadi shamba. Ganda la mkorosho mchanga ni jembamba, na joto la muda mfupi tu huua sehemu hai iliyo chini yake. Mti waweza kuonekana mzima kwa wiki mbili, kisha ukakauka. Kinga yake ni kulima ukanda wenye upana wa mita 5 au zaidi kulizunguka shamba, ukiwa hauna jani hata moja, kabla ya mwezi Juni kwisha. Lakini kinga iliyo bora zaidi ni ya ujirani: wenye mashamba yanayopakana kukubaliana siku ya kuchoma, na kuwapo wote siku hiyo. Moto hauna habari na mipaka ya shamba.

Adui wa nne ni wanyama. Panya hufukua mbegu zilizopandwa shambani, na mbuzi hutafuna ncha za miche. Ncha ikitafunwa, hata mche usipokufa, hutoa matawi mengi chini kabisa na kuwa kichaka badala ya mti. Uzio mdogo wa miiba au fito kuuzunguka kila mche hutosha kwa shamba dogo. Mahali ambapo mifugo huachiwa huru baada ya mavuno, ulinzi huo ni wa lazima, kwa maana ndipo majani mabichi yanapokuwa haba.

Wadudu na magonjwa

Mdudu anayeidhuru zaidi mikorosho michanga ni Helopeltis, ambaye wakulima humwita mbu wa mikorosho. Hufyonza maji ya machipukizi laini na kuacha mate yenye sumu, ambayo hufanya madoa meusi. Chipukizi hukauka kutoka nchani, na mti huonekana kana kwamba umebabuliwa na moto. Mdudu huyu huishi pia kwenye mbaazi na mipera, kwa hiyo si vema mimea hiyo iwe karibu na miche.

Mkorosho una mlinzi wa asili dhidi ya mdudu huyo, naye ni maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Huwinda mbu wa mikorosho pamoja na wadudu wengine wafyonzaji. Mkulima huwachukia kwa sababu huuma wakati wa kazi, lakini kuwaua ni kumfukuza mlinzi asiyedai mshahara. Dawa za wadudu zikinyunyizwa ovyo huwaua wao kwanza, na adui hurudi akiwa huru.

Fukusi wa mashina hutaga mayai katika ganda, na funza wake huchimba chini yake. Dalili ni utomvu na unga wa mbao unaotoka shinani. Shambulio likigunduliwa mapema, funza hutolewa kwa kisu. Mti uliozidiwa hukatwa na kuchomwa, ili usiwe kitalu cha fukusi wengine.

Ubwiriunga hutambulikana kwa unga mweupe juu ya majani machanga na maua. Vimelea vyake hushika sehemu laini peke yake. Jani lililokomaa halishiki. Katika miezi ambayo mti hautoi majani mapya, vimelea hujihifadhi kwenye machipukizi yanayoota kivulini ndani ya mti. Kuyaondoa machipukizi hayo kabla ya msimu wa maua ni kuuvunja mnyororo wa ugonjwa bila gharama. Unga wa salfa hutumika kuzuia, wala si kuponya. Kwa hiyo hupulizwa dalili za kwanza zinapoonekana, alfajiri, wakati upepo umetulia na umande ungali kwenye majani. Salfa ikitumika kupita kiasi huongeza uchachu wa udongo, hivyo kipimo cha bwana shamba kifuatwe.

Mazao ya kati na upogoleaji

Nafasi ya mita 12 haina haja ya kukaa bure. Kwa miaka mitatu au minne ya mwanzo yaweza kupandwa karanga, kunde, njugu mawe au mahindi. Faida yake si chakula tu. Shamba lenye mazao ya chakula hupaliliwa, hutembelewa na kulindwa. Shamba lenye miche peke yake husahauliwa. Kunde na karanga zafaa zaidi, kwa sababu ni fupi na hurutubisha udongo. Mahindi na muhogo viwe umbali wa mita mbili kutoka kwenye mche, visiutie kivuli wala kuunyang'anya maji.

Katika mwaka wa pili na wa tatu, matawi ya chini huondolewa kidogo kidogo mpaka shina liwe safi kwa urefu wa mita moja hivi. Hapo palizi na uokotaji huwa rahisi, na moto wa chini hauyafikii majani kwa haraka. Yasikatwe mengi kwa mara moja, kwa kuwa majani ndiyo jiko la mti. Mche wa kubebeshwa ukitoa maua katika mwaka wake wa kwanza, ni vema yaondolewe ili nguvu iende kwenye mizizi na matawi.

Hitimisho

Tuseme mkulima amepanda miche 28 katika ekari moja. Kila mche unaokufa huacha pengo la mita za mraba 144, na pengo hilo halizibiki kwa urahisi. Mche unaopandwa mahali hapo baada ya miaka minne utakuta majirani zake wamekwisha kutanua matawi na mizizi. Kwa hiyo kuziba mapengo kufanywe katika msimu wa pili, wala kusiahirishwe.

Kwa muhtasari, kazi za mwaka ni hizi: mashimo yachimbwe Oktoba na Novemba, miche ipandwe mvua ziliposhika, palizi ifanywe Januari hadi Aprili, matandazo yawekwe Mei, kinga ya moto iwe tayari kabla ya Julai, wadudu na ubwiriunga wakaguliwe kila wiki tangu Juni, majani mapya yanapochipua. Hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayozidi uwezo wa familia yenye majembe mawili. Ugumu wake ni kwamba zapaswa kurudiwa miaka mitatu mfululizo, wakati mti haujatoa hata korosho moja. Anayevumilia miaka hiyo mitatu hulipwa kwa miaka 30 inayofuata.